Wimbo wa Kisiki Kushoto

Siku ya kuniaga, pale ofisini Masasi, nilipangiwa dakika kumi za kuwausia wenzangu wanaoanza kazi. Mgeni rasmi alizungumza saa nzima kuhusu umuhimu wa kutunza muda, soda zikapata moto, na kipaza sauti kilipofika mkononi mwangu umeme ukakatika. Kwa hiyo naandika. Nyinyi mnaochukua makafi yetu, someni mkiwa nyumbani. Mtoni hamtapata nafasi.

Sitaeleza nilipandaje vyeo. Hayo mtayakuta kwenye faili, kama panya hawajayafikia. Nitaeleza jinsi nilivyofundishwa kazi, na kosa nililolifanya kwa misimu miwili mizima huku nikipigiwa makofi.

Mimi ni mtu wa Kitangari. Kwetu maji yalikuwa ni kitu cha kufuatwa. Unaamka, unafuata maji, unarudi, siku imeisha. Nilipouona mto Ruvuma kwa karibu mara ya kwanza nilikuwa mtu mzima mwenye watoto watatu, na kilichonishangaza si upana wake. Ni kwamba maji yote yale yalikuwa yanapita na hakuna mtu aliyepanga foleni.

Kampuni ilikuwa inatafuta mpishi wa safari za mitumbwi. Meneja wakati huo alikuwa mtu wa Arusha tuliyemwita Baba Brayani, mpole, mpenda fomu. Aliniweka mbele ya meza yake akaanza kusoma maswali.

"Mama, unajua kuogelea?"

"Naoga kila siku," nikamjibu kwa fahari. Kitangari, kuoga kila siku si jambo dogo.

Akanitazama, akaitazama fomu, akaweka tiki. Ndivyo nilivyoingia kwenye kazi hii nikiwa mwogeleaji aliyethibitishwa.

Kiongozi wa safari alikuwa Baba Ester. Alizaliwa bondeni kabisa, kando ya mto, kisha akaoa Lupaso na kuhamia huko kwenye mikorosho ya wakwe zake. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini iliyowafanya wageni wanyamaze ili wamsikie. Siku yangu ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo," akaitika, "Marahaba, Mama Shaibu. Sufuria zako ni nzito kuliko wewe. Zikae mbele, na wewe ukae nyuma ya sufuria." Mafunzo ya kazi yakawa yamekwisha.

Safari ilikuwa hivi. Gari linatupeleka hadi mtoni kusini ya Masasi, tunashusha mitumbwi mitatu ya plastiki, na siku ya tatu tunatokea chini ya mteremko wa Newala, ambako gari lingine linasubiri, au limeharibika. Wageni wanapiga makafi wenyewe. Mtumbwi wa kwanza ni wa kiongozi na mpishi, na wengine wote wanafuata mstari wake bila kukatisha.

Bango la ofisini liliahidi msitu mnene wa kitropiki. Ruvuma, kama mtakavyoona, ina mchanga mwingi kuliko msitu. Msitu mnene tulikuwa nao kipande kimoja, kwenye mkono wa mto unaozunguka kisiwa: miti imefungana juu kama dari, kamba za porini zinaning'inia hadi kwenye maji, tumbili wanakutupia maganda. Baba Ester aliwapitisha wageni humo upande wa kulia, akawapandisha polepole upande wa kushoto ambako maji yamelala, kisha akawashusha tena kulia. Mara ya pili walipiga picha nyingi kuliko ya kwanza, wakisema huku ndani ndiko kwenye msitu halisi. Huo ni utaalamu wa kwanza niliojifunza, na unafanya kazi hadi leo.

Mengine aliyonifundisha ni ya maana zaidi. Maji yaliyokunjamana kama kitambaa kisichopigwa pasi yana mchanga chini yake. Maji yanayoburuta mkia yana kisiki. Kafi la bati linachoma mkono kufikia saa tano asubuhi, la mti halichomi. Jaketi la kuokolea likifungwa sawasawa mgeni hulalamika. Asipolalamika, lifunge upya. Na kiboko anataka mambo mawili tu: ajue unakuja, na asizuiwe njia ya kwenda kwenye kina. Gonga ubavu wa mtumbwi, mwachie kina chake, wewe pita maji ya magotini. "Usikae katikati yake na maji," alisema. "Mengine yote mnaweza kuelewana."

Msimu wa tatu nilianza kuona vitu. Baba Ester alimimina chai pembeni ya kikombe akasema kikombe kinavuja. Alimwita mgeni mmoja kwa jina la mwingine, na mmoja alikuwa na ndevu, mwingine alikuwa mke wake. Kabla ya kuingia mtumbwini alishika ukingo na kuufuata kwa vidole hadi kwenye kiti chake, taratibu, kama mtu anayekagua ufa.

Kisha tukafika kwenye kile kituo kidogo cha walinzi wa mpaka ambako tunaandikisha majina. Askari alikuwa ameenda kuoga, ameacha koti lake limetundikwa kwenye kigingi. Baba Ester alilisogelea akasimama wima.

"Habari za kazi, afande."

Koti halikujibu.

"Tuna wageni wanne leo, afande. Wote wana vitambulisho."

Alisubiri. Halafu akanigeukia akaninong'oneza, "Hawa wa siku hizi wamekosa adabu kabisa."

Nilimshika mkono, nikampeleka nyuma ya mti kama vile nina shida ya chumvi.

"Baba Ester, lile lilikuwa koti."

Nilisikia wageni wakicheka kule kwenye mitumbwi.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu masika ya mwaka jana. Presha ya macho. Daktari kanipa matone, kasema yatalinda kilichobaki, kilichokwenda kimekwenda. Naona mwanga na kivuli. Wewe hapo ni kivuli." Akafikiri kidogo. "Kivuli kifupi."

"Na ulikuwa unaongozaje?"

"Mto naujua. Ila mchanga unahama kila mwaka, na visiki vinakuja na mvua bila kuniambia." Sauti yake ikashuka zaidi. "Ester yuko chuo cha uuguzi, hajamaliza. Niache nimalize naye. Wewe unakaa mbele. Una macho. Niambie tu."

Nilipaswa kukataa. Naliandika hili waziwazi ili asiwepo kati yenu atakayesema Mama Shaibu alifanya hivyo kwa hiyo inaruhusiwa. Nilipaswa kukataa, na sikukataa, kwa sababu nilimpenda yule mzee kama baba mdogo, na kwa sababu nilijiona mjanja.

Nikaanza kumwambia njia kwa Chimakonde, nikiwa nyuma ya sufuria zangu, sauti ya kawaida. Safari ya kwanza tu mgeni mmoja akauliza, yule mama anasema nini muda wote? Baba Ester, bila kupepesa, akamjibu kwa Kiingereza chake kizuri: "Anaimba. Ni wimbo wa kuuomba mto ruhusa."

Basi ikabidi niimbe. Nikatafuta kijituni fulani, nikarefusha maneno. Kisiki kushotooo, kisiki kushoto. Mchanga unakuja, wee mzee nyoosha, nyoosha mzee umelala? Viboko wawili mbele, wa tatu sijui kaenda wapi, ooo sijui kaenda wapi. Wageni walifumba macho kwa raha. Walinirekodi kwenye simu zao. Hivi sasa, mahali fulani Ulaya, kuna mtu anasikiliza wimbo huo apate usingizi, nami namweleza kwa hisia nyingi kwamba asiguse lile gogo. Meneja aliposikia sifa akauongeza kwenye bango, chini ya msitu mnene.

Tulikwenda hivyo misimu miwili. Siku moja nilipiga chafya mara tatu mfululizo, na katika chafya hizo tukapanda juu ya kisiki, mtumbwi ukainama, maji yakaingia kwa ndoo. Hatukupinduka. Baba Ester aliwaambia wageni mto umekataa ubeti mmoja. Wakacheka. Siku ile ugali wangu ulikuwa na madonge, lakini safari iliyofuata nikapanda tena.

Kisha akaja Mama Anjela.

Walikuwa wageni wanne. Mume na mke kutoka Uholanzi, warefu, wenye kofia za kufanana. Na Mama Anjela na mumewe, wafanyakazi wa ofisi huko Dar es Salaam. Baba Anjela alikuwa mtu wa Bukoba, na tangu Masasi alitueleza kwamba yeye amekulia ziwani, mto kwake ni mfereji. Mama Anjela hakusema ametoka wapi, na sisi hatukumuuliza. Hilo nalo ni somo: waulizeni wageni wametoka wapi, hata wanaofanana na nyinyi.

Siku ya pili asubuhi niliimba vizuri sana. Kisiki kushoto, mzee, kisiki kikubwa kama ng'ombe wa shemeji. Nyuma yetu, kwenye mtumbwi wa tatu, nikasikia mwanamke anacheka. Alicheka kwa sauti, mara mbili. Halafu akaacha ghafla, na hakucheka tena hadi saa ya chakula.

Tulitua kwenye ncha ya kisiwa. Nikawasha moto. Mama Anjela akaja akachuchumaa karibu nami.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akageuza lugha. Chimakonde chake kilikuwa cha Newala mjini, cha mtu aliyelelewa na bibi. "Wazazi wangu ni wa Newala. Nimesikia wimbo wako wote. Mzee haoni?"

Nilikoroga mboga ambazo hazikuhitaji kukorogwa.

"Mama, nina watoto wawili nyumbani," akasema. "Mume wangu anajisifu lakini hajui kuogelea. Unajua wewe?"

Nilitaka kusema naoga kila siku. Halikutoka. "Sijui," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo katika kazi hii.

"Basi waambieni watu. Msipowaambia nyinyi, nitawaambia mimi. Sitaki kumwaibisha mzee. Lakini sipandi tena mtumbwi nyuma ya wimbo."

Hakukasirika. Angekasirika ningepata pa kushika. Nilikwenda kumweleza Baba Ester, aliyekuwa amekaa mchangani anasugua kafi lake kwa mafuta. Alisikiliza hadi mwisho.

"Ni mtoto wa nani?"

"Wa Newala."

"Amelelewa vizuri," akasema. Akajipangusa suruali, akasimama, akawaita wageni wote, akawaambia kwa Kiingereza kwamba yeye haoni.

Mke wa yule Mholanzi akaweka mkono kifuani. Machozi yalimlengalenga. "Ni kweli," akasema. "Sisi sote hatuoni."

"Hapana, mama," akasema Baba Ester. "Mimi ndiye sioni. Wewe unaona."

Mume akatikisa kichwa kwa heshima kubwa, akatoa daftari akaandika. Nilikata tamaa. Hatimaye Mama Anjela akawaeleza kwa Kiingereza cha ofisini, akionyesha macho yake kwa vidole viwili, kisha ya mzee, kisha sufuria zangu. Kofia zile mbili zikageukiana. Daftari likafungwa.

Barabara hakuna. Simu hazishiki. Gari liko mwendo wa siku moja mbele kwa maji, na kwa maji tu.

"Mama Shaibu atakaa nyuma," Baba Ester akasema. "Anaujua mto. Ameuimba miaka miwili."

Nyuma ndiko kwenye kuongoza, na sikuwahi kukaa. Nilikaa. Yeye akaenda mbele, akapapasa hadi nyuma ya sufuria, akaweka mikono magotini. Niligonga mawe mawili ndani ya nusu saa ya kwanza. Halafu akasema, "Unavuta sana kulia."

"Umejuaje, huoni?"

"Jua lilikuwa shavu hili. Sasa liko lile."

Tulipotoka chini ya msitu, mto ulikuwa umebana. Kwenye kina, upande wa kushoto, vichwa vya viboko sita vilikuwa vimejipanga vinatutazama. Kulia kulikuwa na mchanga na maji ya kifundo cha mguu, na nje yake matete marefu. Niligonga ubavu wa mtumbwi, nikaamua kama nilivyofundishwa: tuwaachie kina, tushuke, tuburute mitumbwi mchangani. Baba Anjela alisema kwao ziwani watu hawashuki mtumbwini. Mkewe akamtazama, akashuka.

Tuliburuta labda mwendo wa uwanja wa mpira. Baba Ester alikuwa ameshika kamba ya nyuma ya mtumbwi wetu. Ghafla kamba ikakaza.

"Mama Shaibu. Simameni wote."

Tukasimama.

"Kuna kitu kinapumua kwenye matete. Kulia. Kimoja, kikubwa."

Nikatazama. "Sioni kitu."

"Sijakuuliza unaona nini. Kina kiko wapi?"

"Kushoto. Hatua thelathini."

"Na sisi tuko wapi?"

"Katik..." Sikulimaliza neno.

"Achieni mitumbwi," akasema, kwa sauti ileile ya chini. "Rudini tulikotoka. Polepole, pamoja, kwenye nyayo zenu. Asikimbie mtu."

Aliweka mkono begani kwangu, tukarudi nyuma. Yule Mholanzi alitaka kuchukua begi la kamera. Mama Anjela akamwambia neno moja la Kiingereza ambalo hadi leo hakuna aliyekubali kunitafsiria, na akaliacha. Tulikuwa tumepiga hatua kama ishirini matete yalipofunguka. Nimewaona viboko wengi majini, wanaelea kama mawe mapole. Yule mchangani alikuwa kitu kingine. Alipita mbio palepale tulipokuwa tumesimama, akakanyaga katikati ya mtumbwi wa tatu ukakunjika kama sahani ya bati, akapiga teke sufuria yangu kubwa ya ugali, akaingia majini, na wimbi likaja hadi magotini mwetu.

"Ameingia?" akauliza Baba Ester.

"Ameingia."

"Mwingine?"

"Sioni."

Akainamisha kichwa, akasikiliza. "Hakuna," akasema. Ndipo Baba Anjela wa ziwani akakaa chini ndani ya maji, na nguo zake, akalia bila aibu yoyote. Hakuna aliyemcheka.

Tulimaliza safari kesho yake, watu sita katika mitumbwi miwili. Sufuria zote nilizitelekeza mchangani, na nasema kweli kwamba niliigeukia ile kubwa mara mbili. Hakuna aliyeimba. Gari lilikuwepo, zima, jambo ambalo peke yake lilitosha kuwa muujiza.

Kabla ya kupanda, Mama Anjela alikwenda mbele ya Baba Ester, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, baba. Nitaandika barua ofisini kwenu."

"Marahaba. Andika. Ila usisahau na matete."

"Nitaandika yote mawili," akasema, na kweli aliandika yote mawili.

Baba Brayani alituita sote. Nilitarajia kufukuzwa, na haki ilikuwa yake. Alisoma barua mara ya pili mbele yetu, midomo inacheza, na nikaona uso wake unabadilika kutoka hasira kwenda kwenye kitu kibaya zaidi. Alikuwa amepata wazo.

"Mzee," akasema, "hili jambo watu watalipenda. Kiongozi asiyeona, anayeusikia mto. Tunakuweka kwenye bango. Tunaweka wote wawili."

Baba Ester alikunja kofia yake magotini. "Baba Brayani, mimi nimewadanganya wageni wako kwamba naona. Sasa unataka niwadanganye kwamba kutoona ni ufundi. Siku ile nilisikia. Siku nyingine upepo utavuma." Akasimama, akaufuata ukingo wa meza kwa vidole hadi mlangoni. "Ondoa na ule wimbo."

Wimbo uliondolewa baada ya mwaka mmoja, bango lilipofubaa. Mimi nilipewa barua ya onyo na barua ya kuongoza safari ndani ya bahasha moja. Ester alimaliza chuo kwa michango ya ndugu, kanisa na majirani wa Kiislamu waliosema hawakuombwa ndiyo maana wamechelewa. Haikuhitajika kumhatarisha mtu yeyote. Ilihitajika kusema tu, na hilo ndilo lililonichoma kuliko onyo.

Nilikataa kuongoza hadi nijue kuogelea. Baba Ester alikuja kutoka Lupaso, akakaa kwenye ukingo, kwenye kijito kisicho na mamba, na kunifundisha kwa kusikiliza. "Unapiga maji kama unafua!" alinipigia kelele. "Nguo za nani hizo?" Ilichukua wiki tatu. Nilikuwa na zaidi ya miaka arobaini, nimevaa dera, na watoto wa kijiji kizima walikuja kutazama.

Safari yangu ya kwanza kama kiongozi, gari liliponifikisha penye mtandao, simu ikalia.

"Uliondoka na wangapi?" Hakuna hata salamu.

"Watano."

"Umerudi na wangapi?"

"Watano, Baba Ester."

"Haya. Kapumzike." Akakata.

Alipiga hivyo kila safari, miaka yote. Hakuwahi kuuliza kingine. Hakuuliza kama wageni wamefurahi, wala kama bosi amesifu. Mwaka juzi, wakati wa mikorosho kutoa maua, tulimzika Lupaso. Kulikuwa na watu wengi, na hakuna aliyetoa hotuba ndefu, kwa sababu alikuwa ameacha maagizo.

Wiki iliyofuata nilikuwa na safari. Nilishuka nayo, nikatua chini ya Newala, nikahesabu makafi, nikahesabu majaketi, nikapanda garini nikakaa karibu na dereva. Tulipofika penye mtandao niliigeuza simu uso chini, nikaiwekea kofia juu. Ikalia.

Alikuwa Ester, yuko zamu hospitalini. Nilisikia vitanda vikisukumwa nyuma yake.

"Shikamoo, mama. Uliondoka na wangapi?"

Nilimwashiria dereva apunguze mwendo. "Saba."

"Umerudi na wangapi?"

"Saba," nikasema. "Ila mmoja amenuna. Anasema hakuona kiboko hata mmoja, atatuandika."

"Aandike," akasema Ester. "Kapumzike."